Kodi yangu inunue laptopu ya jirani?

Swali: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Donholm. Mama fua wangu anatoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, huja kila Jumamosi. Binti yake yuko Gredi ya 9. Mwezi jana alikuja naye akaniomba msichana atumie laptopu yangu kuandika kazi ya shule, nikamruhusu. Jioni kaka yangu aliposikia akasema serikali inafaa kuzipa familia kama hizo kompyuta za bure. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mshahara wangu unakatwa kodi ya mapato (PAYE), bima ya afya (SHIF), pensheni (NSSF) na ushuru wa nyumba kabla sijauona, na laptopu yenyewe niliinunua kwa mkopo wa sacco ambao bado nalipa. Kwa nini nimnunulie mwingine? Lakini nikikumbuka yule msichana alivyokuwa akitafuta herufi kwa kidole kimoja, nakosa raha. Je, ni haki mlipa kodi agharamie kompyuta za bure za familia zenye kipato cha chini? Ni mimi, Mama Donholm.

Jibu: Dada yangu, salamu zimefika. Nikujibu kwanza, mazunguko yaje baadaye. Kodi yako itumike kuwafikishia kompyuta watoto kama huyo, ndiyo, na usione umeibiwa. Ila isitumike kununua laptopu za kugawa mlango kwa mlango. Kaka yako hana kosa kuumwa na hali ya yule msichana, nawe huna kosa kuushika mfuko wako. Shida ni kwamba mlibishana juu ya mashine, na hakuna aliyeuliza mtoto yule anapata saa ngapi kwa wiki mbele ya kompyuta inayowaka, yenye intaneti, na mtu wa kumwelekeza akikwama. Mimi nimefundisha somo la kompyuta katika shule za umma za hapa Nairobi, kisha nikawa mtu wa kuitwa kukagua vyumba vya kompyuta kabla pesa hazijatolewa. Ripoti karibu zote ninazoletewa zinaanza na idadi ya mashine. Saa sijawahi kuzikuta zimeandikwa.

Tuanze na lako la "kwa nini mimi".

Wewe ukifungua hati ya mshahara unaona makato yamepangwa kwa majina yao. Mama fua haoni orodha, lakini anakatwa. Sabuni anayofulia nguo za wanawe ina VAT ya asilimia 16 ndani ya bei. Kila akinunua muda wa maongezi au bando, mna ushuru wa bidhaa humo. Mwaka 2023 ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15, na VAT nayo ipo. Anayenunua bando la shilingi 20 mara tatu kwa siku analipa kodi mara tatu kwa siku, bila hati, bila jina. Sisemi analipa sawa na wewe. Unamzidi, tena kwa mbali. Nasema tu kwamba katika ugomvi wenu wa jioni ile, mlipa kodi hakuwa mmoja. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na haki hiyo inahesabiwa mwanzo wa bomba, pesa zikikusanywa, na mwisho wake pia, zikitumika.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Serikali imehamisha mlango wake. Tangu mwaka 2023 huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha nidhamu cha polisi, mkopo wa chuo wa HELB, nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, yote hayo sasa ni kubofya. Mfano ninaoupenda, ingawa hauchekeshi: kijana wa miaka 20 asiye na kazi, lakini ana PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi, kwa sababu alipokuwa akiomba mkopo wa chuo aliambiwa aitoe. Kila mwaka, kabla Juni 30 haijapita, anatakiwa ajaze fomu ya kusema hakupata chochote, ile ya "nil returns". Asipojaza, faini ni shilingi 2,000. Basi anakwenda saiba, kibanda cha kompyuta za kulipia, analipa, ili aiarifu serikali kwamba hana pesa. Ukihamisha mlango wa ofisi ukaupeleka ghorofa ya tano, huwezi kumwambia mwenye magongo kwamba ngazi ajinunulie. Hii si sadaka, ni gharama ya mlango, na sote tuliokubali kuuhamisha tunaichangia.

Sasa twende saiba yenyewe, kwa sababu huko ndiko utakakoelewa kwa nini nang'ang'ania saa.

Mwaka jana nilikaa jioni moja kwenye saiba ya Mukuru, kibanda cha mabati chenye kompyuta nne na printa moja ambayo kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa raba ya kufungia pesa. Bei zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni: kuandika ukurasa, kuprinti, kuskani, "nil returns", "KUCCPS". Watoto wa shule wakaanza kuingia saa kumi na moja hivi, sare zikiwa bado mwilini. Kila mmoja ana daftari. Kazi ya shule ameshaiandika kwa kalamu, michoro na yote. Anampa kijana wa saiba, kijana anaandika kwa kasi ya ajabu, macho kwenye daftari, vidole kwenye kibodi, huku akijibu simu iliyobanwa begani. Mtoto amesimama nyuma yake kashika sarafu mkononi. Karatasi inatoka, ina joto, mtoto anaipuliza, anaikunja, anaondoka. Ndani ya saa moja nilihesabu sita. Hakuna hata mmoja aliyegusa kibodi.

Nikamuuliza yule kijana kwa nini hawawaachi waandike wenyewe. Akanitazama kama niliyetoka Mwezini. "Mzee, huyu akiandika mwenyewe atamaliza saa mbili. Dakika nazo zinalipiwa. Mamake amempa mia." Hesabu yake iko sawa kabisa. Kwa mtoto asiyejua kuandika, kulipia ukurasa ni nafuu kuliko kulipia dakika. Kwa hiyo analipia kompyuta muhula baada ya muhula na kuitumia haitumii. Msichana uliyemwona akitafuta herufi kwa kidole kimoja si kwamba ni mzito. Inawezekana kabisa ile ilikuwa mara yake ya kwanza au ya pili kuwekewa vidole juu ya kibodi, na yuko Gredi ya 9 katika mtaala wa umilisi (CBC) unaoutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi. Sensa ya 2019 ilikuta nyumba zenye kompyuta, laptopu au kishikwambi ni asilimia 8.8 tu katika nchi nzima. Nairobi iko juu ya hapo, lakini Nairobi ina Lavington ya wenye nazo na ina Mukuru.

Kaka yako atasema: si ndiyo maana nasema wapewe? Hapo ndipo tunapoachana naye.

Tulishajaribu kugawa. Mwaka 2013 muungano wa kisiasa wa Jubilee uliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa baada ya mvutano wa kisheria, laptopu zikageuka vishikwambi, na kuanzia 2016 miungano miwili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Moi na mwingine wa kile cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa ng'ambo, ikaanza kuvisambaza. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 21,000. Sitaki kuudharau mradi ule. Kitu kimoja ulikifanya ambacho hausifiwi vya kutosha: ili vishikwambi vifike, ilibidi shule za msingi ziwekewe stima kwanza, na ile stima imebaki. Taa zinawaka leo kwenye madarasa ambayo wazazi wa watoto wale walisomea gizani.

Lakini nikupe picha ya chumba kimoja nilichofunguliwa, katika shule ambayo sitaitaja. Mlango wa chuma, kufuli mbili. Ndani, kabati la kuchajia lenye vishikwambi vimesimama safu safu kama vitabu, kila kimoja na namba yake, vumbi juu, plastiki ya kioo haijabanduliwa. Betri nyingi zilikuwa zimevimba, maana betri ya lithiamu ikikaa miaka bila kuchajiwa inakufa na wakati mwingine inafura kama andazi. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema na mwenye hofu. Alivipokea kwa sahihi yake. Kikipotea kimoja ataulizwa yeye. Kikioza stoo hakuna wa kumuuliza. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mfumo ulimpa sababu zote za kufunga na hakuna hata moja ya kufungua. Hakuna aliyewahi kumwandikia kutoka juu kuuliza: wiki hii watoto wako wamevitumia saa ngapi?

Utasema hizo ni za shule, nyumbani ni tofauti, mama atamwachia mwanawe. Kweli, ni tofauti, na nyumbani nako kumechunguzwa. Romania ilianza mwaka 2004 kuzipa familia zenye kipato cha chini hati ya euro 200 za kununulia kompyuta. Wachumi waliolinganisha familia zilizopata kwa chupuchupu na zile zilizokosa kwa chupuchupu walikuta kwamba watoto wenye kompyuta walikuwa stadi zaidi kwenye kompyuta yenyewe, lakini alama zao za shule zilishuka. Muda wa michezo ya kompyuta ulipanda. Huko California, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa kompyuta za kwenda nazo nyumbani nusu ya wanafunzi zaidi ya elfu moja ambao hawakuwa nazo, waliobaki wakasubiri. Mwisho wa mwaka alama za makundi mawili hazikutofautiana, si juu wala chini. Peru iligawa laptopu zaidi ya laki nane za ule mpango wa Mmarekani Nicholas Negroponte wa laptopu moja kwa kila mtoto, na tathmini ya mwaka 2012 haikuona tofauti katika hesabu wala kusoma.

Usizisome habari hizo kama hukumu ya kunyima. Zisome vizuri. Zinasema mashine peke yake haifundishi hesabu wala Kiingereza. Zinasema pia, na hili wanaopinga huliruka, kwamba mtoto mwenye kompyuta anaijua kompyuta. Kama lengo ni alama za mtihani, pesa ziende kwa walimu na vitabu. Kama lengo ni mtoto wa Mukuru asiogope kibodi siku atakapoajiriwa au atakapojaza fomu, basi kuna kitu cha kununua, na swali linalobaki ni kukinunua vipi bila kukitupa.

Ingia sasa nyumba anayotoka huyo mama. Chumba futi kumi kwa kumi, mabati, kitanda nyuma ya pazia, meko karibu na mlango. Soketi huwa moja, na mara nyingi stima imo ndani ya kodi ya nyumba: mwenye ploti amekataza pasi na hita, na ikifika saa moja jioni kila mtu amewasha, taa inafifia hadi inakuwa rangi ya chai ya rangi. Laptopu ya mtumba, hizi tunazoziita ex-UK, betri yake ikijitahidi inafika saa moja na nusu. Hakuna meza, meza ni ndoo iliyofunikwa au magoti. Kuna maji yanayovuja, kuna mdogo wake wa miaka mitatu mwenye mikono ya uji. Halafu kuna lile ambalo wenye maofisi hulisema kwa kunong'ona na mimi nitalisema wazi: siku mtoto mdogo atakapopandwa na homa saa nane za usiku, kitu cha shilingi 18,000 kilichomo ndani ya nyumba ile kitageuka dawa. Simlaumu mama huyo hata chembe. Mimi pia ningeuza. Ila mlipa kodi atakuwa amenunua dawa kwa bei ya kompyuta, na ingekuwa heri angeinunua dawa moja kwa moja.

Na hizo ex-UK zenyewe uwe mwangalifu nazo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Ofisi za Ulaya zinazitoa kwa mafurushi, na sehemu ya shehena inaishia Luthuli Avenue na Moi Avenue. Si mbovu. Fundi mzuri akiziwekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, zinakwenda miaka mingine minne bila tabu, na kwa kuandika, kuprinti na kuvinjari zinatosha kabisa. Lakini mtu akija na mradi wa "laptopu elfu hamsini kwa bei ya kutupa", swali la kwanza liwe zinatumia programu gani na nani atazihudumia mwaka wa pili. Rahisi ghali.

Nikufanyie hesabu, ujue ni makisio yangu na uyakosoe. Sensa ya 2019 iliikuta Nairobi na nyumba kama milioni 1.5. Tuseme theluthi moja ndio walengwa, yaani familia 500,000, na kila moja ipewe mashine ya shilingi 20,000 pamoja na usafirishaji na mfuko. Hiyo ni bilioni 10, na baada ya miaka minne unaanza upya. Intaneti bado hujalipa, wala fundi.

Upande wa pili, chukua chumba kimoja: kompyuta 40, meza, nyaya, betri ya akiba, tuseme milioni 2.5 kuanzia. Wahudumu wawili, walinzi wawili, intaneti, stima, matengenezo. Haizidi milioni 2.2 kwa mwaka. Kwa miaka minne chumba kimekula milioni 11.3. Nairobi ina wadi 85. Weka vyumba vitatu kila wadi, 255 kwa jumla: bilioni 2.9 hivi kwa miaka minne, chini ya theluthi ya pesa za laptopu. Chumba kikifunguliwa saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, vyote kwa pamoja vinatoa saa 612,000 kwa wiki.

Gawa kwa familia 500,000. Unapata saa moja na dakika kama kumi na tatu.

Ni kidogo. Sitakuficha, hesabu hii ilinisumbua nilipoifanya mara ya kwanza, kwa sababu nilitaka vyumba vishinde kwa kishindo. Ukitumia bilioni zote 10 kwenye vyumba unafika saa nne na kidogo, na si kila familia ina haja kila wiki, kwa hiyo mwenye kazi ya shule atapata zaidi ya hapo. Bado mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu hawezi kuishi kwa saa nne za foleni. Lakini ziangalie saa hizo zilivyo: zina stima, zina intaneti, kuna mtu wa kumuuliza, na hakuna anayeweza kuziuza usiku. Saa za laptopu iliyo nyumbani ni nyingi kwenye karatasi. Ukitoa zile ambazo stima imekatika, bando limeisha, chaja imeungua na mashine imepelekwa kwa jirani "kwa siku mbili", sijui kama zinabaki nne.

Kwa hiyo vyumba viwe uti wa mgongo, na laptopu ziwe za kuazima, kwa wachache. Ningeanza na wanafunzi wa kutwa wa Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12) na wa vyuo vya kiufundi ambao masomo yao yenyewe yanadai kompyuta. Waazime kwa kadi ya maktaba au kwa sahihi ya shule, wairudishe muhula ukiisha, ikaguliwe, iende kwa mwingine. Mashine isiyokuwa mali ya mtu ni vigumu kuiuza, na ikiwa na nembo kubwa iliyochorwa nyuma hata fundi wa kuchakachua anasita kuipokea. Zitapotea baadhi, weka asilimia ya kupotea kwenye bajeti tangu mwanzo, ili mwalimu mkuu asiwe na sababu ya kuzifungia stoo. Hilo la kukubali hasara mapema, dada yangu, wahasibu wa serikali hawalipendi, na ndilo lingeviokoa vile vishikwambi.

Kuna faida nyingine ya vyumba ambayo haionekani haraka: huhitaji orodha. Ukigawa laptopu lazima useme nani ni maskini, na hapa kwetu hiyo ni kazi ya kumwaga damu. Umeona malalamiko ya wanafunzi waliowekwa kwenye kundi lisilo lao katika mfumo wa ufadhili wa vyuo ulioanza 2023. Orodha ikishuka mtaani ina jina la mpwa wa fulani, ina marehemu, na mama fua wako hayumo kwa sababu siku ya kuandikishwa alikuwa kwako anafua. Chumba hakiulizi. Mtoto wa Donholm anaweza kuingia, lakini hataingia, kwa sababu nyumbani kuna laptopu ya mama. Foleni yenyewe ndiyo inayochuja.

Pesa zitoke wapi? Si lazima zote zitoke kwenye mshahara wako. Sheria ya mawasiliano imeunda Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambapo kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Ni kweli kwamba mwishowe zile pesa ni zetu sisi wanunuzi wa bando, lakini zimeshakusanywa kwa kazi hii hii ya kuwafikia walioachwa nje, na walioachwa nje si wa Turkana peke yao. Serikali kuu nayo imeahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kila wadi, maana yake 85 ni vya Nairobi. Mimi sioni haja ya kubuni mradi mpya wenye jina jipya na uzinduzi wa hema na fulana. Ningedai hivyo 85 viwe na saa za jioni na Jumamosi, kwa sababu kituo kinachofungwa saa kumi na moja kinahudumia watu ambao hawapo.

Unapoona mwanasiasa anabeba laptopu jukwaani, fanya hesabu hii ndogo kichwani. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na huwa inachelewa. Laptopu moja ya 18,000 ni ruzuku ya watoto kumi na wawili, na chenji inabaki. Ndiyo maana sikubaliani na kaka yako, hata kama moyo wake uko mahali pazuri. Na ndiyo maana sikubaliani nawe ukisema isitoke hata senti, kwa kuwa saa moja ya chumba changu, nikigawa gharama zote kwa saa zote kwa miaka minne, inatoka chini ya shilingi 25. Mtoto yule analipa zaidi ya hapo kila anapokwenda kusimama nyuma ya kijana wa saiba. Vijana wa saiba wenyewe nisingewatupa nje. Ningewaajiri wawe wahudumu wa vyumba hivyo. Hakuna anayejua fomu za serikali kama wao.

Ukitaka kufanya kitu zaidi ya kuniandikia, kumbuka kwamba kikatiba maktaba ni kazi ya kaunti, shule ni ya serikali kuu. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mwelekeo wa bajeti kabla ya Februari kuisha, na makadirio yenyewe kufikia mwisho wa Aprili, na kati ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huwa na viti vitupu na soda za kutosha. Nenda, uliza swali moja: maktaba zetu zina kompyuta ngapi zinazowaka, na zinafungwa saa ngapi? Wewe uko karibu na Jogoo Road, na maktaba ya Makadara na ya Kaloleni zilikarabatiwa miaka michache iliyopita zikapendeza. Mpeleke msichana huyo mojawapo Jumamosi moja, mwonyeshe njia na basi la kupanda, ili asikutegemee wewe wala laptopu yako.

Na wiki hii akija nyumbani, mwachie kibodi. Usimwandikie hata akichelewa, hata chai ipoe tena. Kazi yake ihifadhiwe kwenye flashi na nakala nyingine kwenye barua pepe yake. Muulize kama anayo. Huenda akakwambia anayo, alifunguliwa saiba, ila nywila anaijua yule kijana wa saiba. Wengi wako hivyo, na hugundua siku ya kuomba HELB, kijana akiwa ameshahama na kibanda kimebomolewa kupisha barabara. Mfungulie nyingine siku hiyo hiyo, nywila aichague mwenyewe, aiandike nyuma ya daftari la hesabu, na namba ya simu ya kurejesha iwe ya mamake.